Mchicha wa Kutwa Mara Tatu

Kwa miaka thelathini na moja mume wa dobi alikaa nyuma ya dirisha la dawa la zahanati, na kwa miaka thelathini na moja watu waliinama mbele yake. Hawakuinama kwa heshima. Dirisha lilikatwa chini mno, na asiyeinama hakusikia alichoambiwa. Lakini mtu akiinamiwa asubuhi hadi jioni, mwaka hadi mwaka, mwishowe husahau kwamba kosa ni la seremala, akadhani ni utukufu wake.

Kila bahasha aliyoisukuma nje ya tundu lile iliandikwa moja mara tatu, na kila aliyeipokea aliambiwa kwa sauti ya hakimu asomaye hukumu, "Moja, kutwa mara tatu, baada ya kula." Mtaa haukuhangaika kumtafutia jina. Akaitwa Kutwa Mara Tatu. Mgonjwa aliyerudi kulalamika kwamba hajapata nafuu aliulizwa swali moja tu: "Dozi ulimaliza?" Na kwa kuwa wanaomaliza dozi ni wa kuhesabu, kesi iliishia hapo, mgonjwa akarudi nyumbani na homa yake na lawama juu.

Mkewe hakuwahi kuinama pale dirishani. Yeye alikuwa na mahali pake pa kuinama, napo ni kwenye beseni.

Alianza kufua nguo za watu mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza, kwa sababu mshahara wa dirishani ulikuwa mkubwa kwa cheo na mdogo kwa sufuria. Hakuacha tena. Mikono yake ilikuwa na rangi mbili: ya kuzaliwa mpaka kwenye viwiko, na chini ya hapo rangi iliyofifia, kama kanga iliyosahauliwa juani. Alimjua mtu kwa kola yake. Alijua nani mtaani anaoga na nani anajipulizia manukato tu, nani ameanza kunenepa, na mume wa nani hukunja mikono ya shati ili kifungo kilichokatika kisionekane. Yote hayo aliyanyamazia. Dobi mwenye mdomo hukosa nguo.

Ofisi yake ilikuwa uani. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja cha udongo, si kikubwa, na juu yake kamba sita zilizofungwa kwenye nguzo za mbao. Mgeni angeona kamba tu. Kumbe zilipangwa. Mbili za mashariki zilikuwa za shuka, kwa sababu jua la asubuhi ndilo linalong'arisha nyeupe. Za katikati zilikuwa za mashati, yaliyoanikwa kichwa chini ili mabega yasiote pembe. Ile ya ukutani, yenye kivuli, ilikuwa ya nguo za rangi zinazochuja. Wateja wake walikuwa wengi wadogo na mmoja mkubwa: nyumba ya wageni iliyo karibu na barabara kuu, iliyoleta shuka na foronya kila Jumatatu na kuzifuata kila Jumatano. Msimamizi wa nyumba ile alikuwa mwanamke mwembamba asiyeamini macho. Alipokea shuka, akaipeleka puani, akafumba macho, ndipo akasema ndiyo au hapana.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mume wa dobi alipostaafu.

Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili aligundua kwamba nyumba aliyoishi miaka yote hiyo haikuwa na utaratibu. Akabandika karatasi kwenye kopo la chumvi, iliyoandikwa CHUMVI. Akabandika nyingine kwenye kopo la sukari. Mwandiko wake ulikuwa ule wa dirishani, usiosomeka na mtu yeyote isipokuwa yeye, kwa hiyo siku mbili nzima familia ilikunywa chai ya chumvi, ingawa kabla ya karatasi hizo hakuna aliyewahi kukosea kopo.

Wiki ya tatu, Jumapili, watoto walipokuja kula mchana kama kawaida yao, aligonga glasi kwa kijiko.

"Nimefikiri," alisema.

Binti yake, karani wa ofisi ya bima, aliweka simu chini. Mwanawe, kinyozi mwenye kibanda chake karibu na stendi, hakuacha kutafuna. Dobi alitazama dari. Katika ndoa yao, neno hilo halikuwahi kuleta heri.

"Familia hii inakula mboga ambazo haijui zimetoka wapi. Zimepigwa dawa gani? Kipimo gani? Nani amesimamia? Hamjui. Tutaanzisha bustani. Uani. Sisi wenyewe, familia nzima, kwa zamu."

"Uani wapi?" aliuliza dobi.

"Uani, mke wangu. Kwani una nyua ngapi?"

"Mmoja. Na una kamba sita."

"Kamba zinahama. Udongo hauhami."

Binti alifurahi. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba bustani huunganisha familia na kupunguza mawazo. "Baba, wazo zuri sana! Mama atapata sehemu nyingine ya kuanika. Si kuna kile kichochoro cha pembeni?"

"Kichochoro hakina jua mpaka saa sita," alisema dobi. "Na vumbi lote la barabarani linapitia hapo kabla ya kwenda linakokwenda."

"Nguo ni maji na upepo, mama watoto," alisema mumewe, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kufua hata leso. "Hazina macho ya kuona jua."

Kinyozi alimeza, akacheka. "Baba, wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sasa wewe, mimi ndiye ninayekunyoa, naogopa nimekuwa nikizifagia." Mzee alimtazama kwa jicho la dirishani, naye akainua mikono. "Sawa, sawa. Tufanye hivi. Baba apewe miezi miwili. Ikifika Jumapili ya mwisho na mboga imeingia chungu, hata sufuria moja tu, bustani inabaki na Mama anabaki kichochoroni. Isipoingia, nguzo zinarudi. Haki au si haki?"

Dobi alikubali upesi, na wote wakashangaa. Hawakujua alichokuwa akifikiri. Alifikiri kwamba mtu huyu hajawahi kuotesha hata ndevu zikamea sawasawa, na kwamba miezi miwili si milele. Bora aaibike mara moja mbele ya watoto kuliko amsumbue miaka kumi.

Nguzo ziling'olewa siku ileile.

Hapo ndipo mtaa ulipoona kilimo ambacho haujapata kukiona. Kwanza, yale hayakuwa matuta. Binti alipoyaita matuta alisahihishwa palepale. "Matuta ni ya barabarani, ya kupunguza mwendo wa magari. Hivi ni vitanda." Akavipa namba. Kitanda namba moja, mchicha. Namba mbili, nyanya. Namba tatu, karoti. Namba nne, pilipili hoho, na hicho akakitenga mbali kidogo na vingine, kwa sababu alizojua mwenyewe. Mbegu alizihesabu kwa kisu kidogo juu ya sahani, tano tano, kama alivyohesabu vidonge, akazitia kwenye bahasha za dawa zilizobaki na kuzihifadhi kabatini mpaka siku ya kupanda. Alinunua daftari la kurasa mia na kila kitanda akakifungulia kurasa zake: tarehe ya kulazwa, hali, matibabu.

Matibabu yenyewe msomaji ameshayajua. Maji, kutwa mara tatu, baada ya kula.

Si mimea iliyokula, ni familia. Mzee akimaliza chai ya asubuhi aliinuka akachukua ndoo. Akimaliza chakula cha mchana, ndoo. Chakula cha jioni, ndoo. Mvua iliponyesha, alisubiri ikatike kidogo, akatoka na mwavuli mkono mmoja na ndoo mkono wa pili, kwa sababu mvua haikuwa kwenye maelekezo. Siku alizokuwa na mkutano wa wastaafu wenzake, binti alitakiwa kuomba ruhusa kazini aje kutoa dozi ya mchana. Alikuja mara mbili. Mara ya tatu alijaribu kuzungumza.

"Baba, hapa wameandika kwamba maji yakizidi mizizi inaoza. Wanasema unaingiza kidole kwenye udongo kwanza, ukikuta unyevu unaacha."

"Hiyo simu ilisomea wapi?"

"Si simu, Baba, ni mtaalamu mmoja…"

"Ninyi ndio mnaoacha dawa mkipata nafuu. Kidole! Mgonjwa hatibiwi kwa kidole."

Karoti hazikuota kabisa. Nyanya ziliota, zikasimama siku tisa, zikaanza kuwa njano kuanzia chini. Mzee alivaa miwani, akachuchumaa mbele ya kitanda namba mbili, akakunjua jani moja kwa dole gumba kama anayekunjua kope ya mtoto. "Upungufu wa damu," alitangaza, akaandika. Akaagiza mbolea, vijiko viwili vya chai kila mche, asubuhi na jioni kwa siku tano. Siku ya tatu nyanya zote zilikuwa zimelala chali. Hakufadhaika. Alichora mstari kwenye daftari, akafunga ukurasa.

Muuza mboga wa pale pembeni, mama mmoja mnene aliyekuwa akipita na karai lake kichwani, alizoea kusimama kwenye ua na kuchungulia.

"Mzee, wagonjwa wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri."

"Waliolazwa ni wangapi?"

"Vitanda vinne."

"Na waliofariki?"

"Mama, una mboga za kuuza au huna?"

"Ninazo, mzee wangu. Zangu sikuzilaza, ndiyo maana zimesimama." Na akaenda zake akicheka mpaka karai likayumba.

Dobi aliyasikia yote kutoka kichochoroni. Hakucheka. Kicheko kilihitaji nafasi, na kichochoro kilikuwa chembamba kiasi kwamba akianika shuka ilibidi apite kwa ubavu, na shuka ikigusa ukuta inafuliwa upya. Jua lilifika saa sita, likakaa saa mbili, likaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Magari yalipopita barabarani vumbi liliingia kwa foleni. Shuka zilizokuwa zikikauka asubuhi moja sasa zilichukua siku mbili, na nguo inayokauka polepole hushika harufu, hata uifue kwa sabuni ya malaika. Alijaribu kuzipiga pasi zikiwa na unyevu. Alijaribu kuzianika sebuleni juu ya viti, mumewe akalalamika kwamba hapati mahali pa kukaa aandike daftari.

Zilipobaki siku chache kufika Jumapili ya mwisho, msimamizi wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, badala ya kumtuma mtu. Alibeba shuka sita zilizokunjwa. Aliziweka mezani, akachukua ya juu, akampa dobi ainuse.

"Inuse mwenyewe, dada."

Dobi alinusa. Hakuwa na haja. Alikuwa ameshainusa usiku kabla haijachukuliwa, akajidanganya.

"Mgeni wangu aliniuliza kama zimetoka kisimani," alisema yule mwanamke. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. "Nimekaa na wewe miaka kumi na miwili, sijawahi kukurudishia hata foronya. Nakuheshimu. Lakini kuna watu wenye mashine wananifuata kila siku. Hizi nakuachia. Zijazo zikinuka, dada yangu, usinilaumu."

"Hazitanuka."

"Nisaidie zisinuke."

Jioni hiyo dobi alimweleza mumewe, neno kwa neno. Mzee alikuwa akiandika. Alisikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza malalamiko ilikuwa kazi yake, kisha akasema, "Zitakauka tu," akageuza ukurasa.

Kwa hiyo dobi alibaki kuhesabu siku. Alijua kilichokuwa kwenye vitanda kuliko mwenye daftari. Namba mbili na tatu zilikuwa tope tupu. Namba nne ilikuwa na mche mmoja wa hoho, wenye majani manne na aibu. Namba moja, ya mchicha, ilikuwa na vinyuzi vyekundu vilivyolala juu ya maji kama nywele kwenye sinki. Jumamosi ya mwisho alizunguka vitanda vyote mara moja, mikono nyuma, kama mkaguzi. Hakuna kilichokuwa na haki ya kuitwa mboga. Usiku alilala usingizi mzuri. Jumatatu shuka arobaini za wageni zingekuja, na zingekuta kamba zimerudi juani.

Jumapili aliamka mapema kuloweka. Alipofungua mlango wa uani, beseni kiunoni, alisimama.

Kitanda namba moja kilikuwa kijani.

Mchicha ulikuwa umesimama mistari mitatu, majani mapana, urefu wa kiganja na nusu, umande bado juu yake. Fikra ya kwanza ya dobi haikuwa ya mboga. Aliona kichochoro. Aliona shuka arobaini zikipita puani mwa yule mwanamke mmoja baada ya nyingine, na kichwa chembamba kikitikisika. Akaweka beseni chini. Akafikiri, labda kweli. Labda miaka yote hii nimemdharau mtu bure. Labda kuna mboga zinazotaka dozi.

Kisha akasogea karibu. Udongo ulikuwa umefinyangwa kuzunguka kila shina, na alama za vidole zilionekana. Akashika shina moja, akavuta. Lilitoka bila ubishi. Chini halikuwa na mzizi hata mmoja. Lilikuwa limekatwa kwa kisu, mkato mshazari, safi, wa sokoni. Akavuta la pili. Hilo lilikuja na jirani yake, kwa sababu yote mawili yalikuwa bado yamefungwa pamoja kwa kipande cha uzi ambacho mkulima, kwa haraka zake, hakukiona.

Kwenye ngazi za mlango vilikuwepo viatu vya mumewe, vyenye tope jekundu. Tope jekundu halikuwepo mtaani kwao. Lilikuwepo soko la mbali, mwendo wa saa nzima kwa miguu, ambako hakuna muuza mboga wa kumjua mtu.

Dobi alisimama na yale mashina mkononi. Angeweza kucheka sasa. Alikuwa uani na nafasi ilikuwepo. Mtu mzima, mwenye watoto wenye kazi zao, ameamka gizani kama mwizi, amekwenda kununua mchicha uliokwisha kufa, amerudi kuupanda ili awadanganye watu watatu. Hata uongo ameupanga kwa mistari. Hata uongo, akautazama, ameuacha nafasi sawasawa, vidole vinne kati ya shina na shina.

Akayatia mashina yale na uzi wake kwenye mfuko wa aproni.

Watoto walifika saa nne. Binti alipiga ukelele, akatoa simu, akapiga picha upande huu na upande ule. Kinyozi alisimama kinywa wazi. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe. Aliongea kwa muda mrefu juu ya subira, utaratibu, na watu wanaokata tamaa katikati ya matibabu. Wakati wote huo macho yake hayakutulia. Yalikwenda kwenye majani, yakarudi. Jua lilikuwa limeanza kupanda, na mstari wa mwisho wa mchicha ulikuwa umeanza kuinamisha kichwa.

"Jana jioni nilipita hapa nimrudishie Mama pasi," alisema kinyozi polepole. "Nilichungulia. Sikuona hiki kitu."

"Hukutazama vizuri."

"Mimi hutazama vichwa kutwa, Baba, sikosi kuona kilichoota." Akainama, akanyoosha mkono kwenye mche wa kwanza. "Hebu nione mizizi yake."

Mzee alikuwa ameshika mpini wa ndoo kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umebadilika ukawa wa mtu mwingine, mdogo, anayesubiri upande wa pili wa dirisha.

"Usiguse!" alisema dobi.

Mkono wa kinyozi ulisimama hewani.

"Kila mtu akivuta chake, kitabaki nini cha kupika? Tokeni. Ondokeni hapa wote, nachuma mwenyewe."

Kwa nini alisema hivyo, alijiuliza akiwa amepiga magoti, akikusanya mashina mikono miwili na kuyaficha ncha ndani ya upande wa kanga. Huruma? Hakuwa na huruma hata ya kujaza kijiko. Ila ile dharau aliyokuwa nayo kwa mumewe ilikuwa mali yake. Ameichuma mwenyewe, kidogo kidogo, miaka thelathini na zaidi, hakuna aliyemsaidia. Hakuona sababu ya kuigawa kwa watoto bure.

Mboga ikaingia chungu. Wakala. Binti alisema tofauti inajulikana, mtu akila kitu kilichotoka kwenye udongo wake mwenyewe anajua. "Hii haina ladha ya sokoni kabisa," alisema, na baba yake akakohoa mpaka akapewa maji. Mwisho kinyozi alifuta mikono, akamtazama mama yake bila raha.

"Basi, Mama, neno ni neno. Sufuria imejaa. Bustani imeshinda."

"Nimesikia," alisema dobi, akakusanya sahani.

Jikoni alizipanga sahani kwenye beseni, hakuziosha. Alingoja. Mumewe aliingia, kama alivyojua ataingia, kuja kuchukua ndoo ya dozi ya mchana. Dobi alitia mkono mfukoni, akaweka mezani mashina mawili yaliyofungwa kwa uzi.

"Haya hayakumeza maji," alisema. "Yalikuwa yameungana mkono, yakagoma."

Alitazama uzi. Akaketi kwenye kigoda.

"Umeona lini?"

"Kabla hujavaa shati."

"Na ukanyamaza."

"Nimenyamaza mbele yao. Kwako sijaanza." Akavuta pumzi. "Wewe ulikuwa ukitoa dawa za namna hii pale dirishani? Zilizochomekwa?"

Hapo alisimama, kidole juu. "Sijawahi! Miaka thelathini na moja, sijawahi kutoa kidonge bandia hata kimoja. Muulize yeyote!"

"Basi leo umeanza. Na wagonjwa wako wa kwanza ni wanao."

Kidole kilishuka. Akakaa tena. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya binti akimwonyesha kaka yake picha. Mzee alichukua shina moja, akaligeuza akatazama mkato wake, kwa makini, bila miwani.

"Nilifuata kila kitu," alisema. "Kipimo, saa, siku. Sikuruka hata moja. Sijui." Alikuwa kama aliyejikwaa kwenye neno. "Sijui kwa nini hazioti."

Katika ndoa yao yote dobi hakuwahi kumsikia akilisema neno lile. Lilitoka vibaya, likiwa limekunjamana kama nguo iliyokaa chini ya sanduku.

"Hazioti kwa sababu umezizamisha," alisema. "Ile mimea haikuwa na kiu. Lakini utajuaje? Ulikuwa unawauliza dozi, hukuwahi kuwauliza wanaumwa nini. Sasa nisikilize. Kesho zinakuja shuka arobaini. Zikikaukia kichochoroni zitanuka, na zikinuka yule mwanamke hatarudi, na asiporudi yeye sina kazi, nina beseni. Nilikwambia juzijuzi. Ukasema zitakauka tu."

"Nilisema hivyo?"

"Uligeuza na ukurasa."

Mzee aliuzungusha uzi ule kwenye kidole. "Watoto nitawaambia nini?" aliuliza.

"Ah! Leo unaniuliza mimi maneno?"

Alitoka. Dobi alisikia akiburuta kitu, kisha akisimama, kisha akiburuta tena. Alipochungulia dirishani, aliona nguzo ya kwanza imeletwa kutoka kichochoroni, na mumewe, akiwa na shati lile jeupe, anachimba shimo katikati ya kitanda namba mbili. Alichimba vibaya, kwa pupa. Kinyozi alitoka mbio.

"Baba, unafanya nini? Si umeshinda?"

"Nimeshinda, ndiyo," alisema mzee bila kuinua kichwa. "Lakini udongo umechoka. Umetoa mavuno yake. Sasa kitaalamu unahitaji kupumzishwa. Shika hapo."

Dobi aliona ghadhabu ikimpanda mpaka kwenye masikio. Udongo umechoka! Udongo haukuwa umetoa hata ukoka. Angetoka pale pale, akaanika uzi ule kwenye kamba, peke yake, wauone. Badala yake alitoka na beseni la shuka alizoloweka asubuhi, zile sita zilizorudishwa, akasimama kando akitazama shimo.

"Ongeza kina," alisema. "Upepo wa kwanza tu italala."

Akaongeza. Nguzo zilisimama, moja, ya pili, ya tatu. Kamba zilifungwa. Ile ya mashariki ililegea, akaambiwa aikaze, akaikaza; akaambiwa tena, akaikaza tena. Jasho lilikuwa limeligeuza shati lake jeupe kuwa kazi ya dobi. Jua la mchana lilikuwa limejaa ua mzima, na lile tope la vitanda lilikuwa limeanza kupasuka pembeni, likikauka.

Dobi alichukua vibanio vinne kutoka kikapuni, akaviuma kwa meno, akatupa shuka ya kwanza juu ya kamba. Ilijinyoosha kwa mlio.

"Mama," alisema kinyozi, akiwa amesimama upande wa pili wa shuka, macho yake yakipita kutoka kwa baba kwenda kwa mama, "eti ni kweli udongo unapumzika?"

Mzee aliacha kukaza fundo. Akangoja.

Dobi alionyesha kinywa chake kwa kidole: kimejaa, kama unavyoona, sina pa kupitishia neno. Kinyozi akatikisa kichwa, akaenda kuleta nguzo ya nne. Na mzee, aliyekwisha pata pumzi, akamfuata nyuma akimweleza kwamba udongo wa aina hii, kwa uzoefu wake, usiguswe kwa muda wa miezi mitatu kamili. Na mkewe, akimsikia, akainama kwenye kikapu, akachukua kibanio cha tano, akakiongeza kinywani.